Kikohozi cha Ndege Kuukuu

Ndege ilikuwa tayari inaondoka, na rubani wake amesimama nje ya uzio, kikombe kitupu mkononi, macho ameyafumba.

Wenzake nao walikuwa wamefumba. Ndiyo desturi ya wapenzi wa ndege za zamani wanaokutana pale kila Jumamosi: umbo hutazamwa injini ikiwa kimya; ikishawaka, macho hufungwa, kwa sababu macho, wasemavyo, yana tabia ya kudakia mazungumzo.

"Sikiliza hiyo," alisema Kinyozi. "Za leo zinapiga filimbi kama birika. Hii inakusalimia kifuani kwanza."

"Na wewe unaijibu kwa domo," alisema Mshona Viatu. "Nyamaza tusikie."

Rubani hakucheka. Alikuwa rubani wa ndege ile hadi mwaka jana, daktari alipompima macho akatikisa kichwa. Tangu hapo ilikuwa imelala bandani, rafadha zake mbili, zile pangaboi za mabawani, zimetandwa na buibui. Wenye uwanja wakatoa neno: iruke Jumamosi hii, la sivyo ikatwe chuma chakavu. Mkata vyuma alishafika na mitungi yake ya gesi. Amekaa kivulini, anasubiri.

Rubani mwingine aliletwa na Mgeni. Alipandia humo humo bandani, kofia ya ngozi, miwani mikubwa ya upepo, na sasa anasogea kwenda njia ya kurukia.

Huyo Mgeni ndiye aliyemkosesha Rubani usingizi. Alitokea tu, miezi michache iliyopita, na pikipiki yake. Hasifii mabawa, hasifii sauti, hana kamera. Anayezungumza naye ni mmoja tu: mke wa Rubani, yule aletaye chai kila Jumamosi, akakaa kwenye kigoda akiwasikiliza wanaume wakibishana.

Tena kila Jumatano mama huyo alikuwa akienda kumwangalia dada yake mgonjwa. Hurudi jioni, paji la uso limeiva kwa jua, mtandio unanuka petroli. Dada gani huyo anayeugua kwa petroli?

"Shemeji yuko wapi leo?" aliuliza Kinyozi. "Naona chupa ya chai, mwenyewe simwoni."

"Amefuata sukari," alisema Rubani.

"Sukari si hii hapa?"

Rubani akafumbua macho. Akapapasa uzio mpaka alipokuwa Mgeni, akamshika ukosi wa shati.

"Mke wangu yuko wapi?"

Mgeni hakugeuka. Vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania waya wa uzio, na jasho linamtiririka shingoni. "Mzee wangu, ngoja kwanza iruke."

"Nakuuliza la mke wangu, unanijibu la ndege?"

"Nimekujibu, mzee."

Kule mwisho wa njia injini zilipanda, zikanguruma mpaka vikombe vikagongana. Kisha, kabla breki hazijaachiwa, zikashuka kidogo, zikakohoa mara moja kama mtu anayetaka kusema mbele ya wakwe, ndipo zikapanda tena.

Mkono wa Rubani ukalegea ukosini.

Kikohozi kile kilikuwa chake, alichokipiga kila alipotaka kuruka. Hakumfundisha mtu yeyote uwanjani. Alikipiga kwa mdomo tu, nyumbani, mezani, kila alipomsimulia mkewe jinsi siku ilivyokwenda, na mkewe akicheka mpaka chakula kinapoa.

"Hata hicho amekupa," alisema polepole. "Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

Mgeni alikuwa anatikisa midomo bila sauti, kama anayemhesabia mtoto hatua zake za kwanza.

Mkia ukanyanyuka. Magurudumu yakaiacha ardhi. Ndege ikapita juu yao, tumbo lake la fedha likimeremeta, na Rubani, ambaye macho yake hayakumpa zaidi ya mng'ao, akajikuta amevua kofia. Kivulini, mkata vyuma akasimama, akajipangusa suruali.

Ndege haikukatwa. Mkata vyuma alipakia mitungi yake, akaenda kutafuta mabasi mabovu. Kinyozi na Mshona Viatu wangali wanabishana ipi kati ya zile injini mbili ina sauti tamu. Dada mgonjwa alipona, kama aliwahi kuugua. Mgeni alirudi kwenye shule yake ya urubani, kwa wanafunzi wake wa Jumatano. Rubani bado husimama uzioni kila Jumamosi, macho ameyafumba, na siku hizi ndiye anayekuja na chupa ya chai. Kikombe cha kwanza hakiguswi na mtu mpaka mkewe atue.