Kiatu cha Mwalimu Asukile

"Piga magoti tena," alisema Mwalimu Asukile. "Ukiinama hivyo, watu wa nyuma hawatacheka."

Lea akapiga magoti. Katika mchezo huo, alioutunga Asukile mwenyewe, mke mjinga anatafuta kiatu cha mumewe chini ya jamvi, nyuma ya mlango, hata ndani ya chungu, huku mume akimtukana. Kiatu kiko mguuni mwa mume. Basi, mchezo wote ni huo. Asukile aliamini Iringa nzima haijaona kichekesho kama hicho, na kwa kuwa alikuwa na tai mbili na kioo cha mfukoni, wengi walimwamini.

Nje ya mchezo mambo yalikuwa yale yale. Alimsema Lea mbele za watu kwa namna anavyokula, anavyocheka, anavyoshika kalamu. Kisha wakiwa wawili humwambia, "Nakufinyanga, mpenzi. Mwingine angekuacha ulivyo." Lea, mwalimu mwenye cheti kama yeye, alimshukuru. Jumapili tangazo lao la tatu lingesomwa kanisani. Baada ya hapo ni ndoa.

"Na kwetu Unyakyusa kuna adabu," Asukile alimwambia. "Mke haonekani na baba mkwe. Ukisikia anakuja, jifunike uso ukajifiche. Maisha yako yote. Ninyi Wahehe mnasalimiana na wakwe kama mko sokoni."

"Hata siku ya harusi nisimwone?"

"Hata siku hiyo. Wala usiulize habari zake."

Lea alimgeukia Damari, ambaye Asukile alimtambulisha kama dada yake, aliyekuja naye kutoka Tukuyu kumpikia na kumfulia. Alikuwa pembeni akishona nguo za mchezo.

"Ni kweli, wifi?"

Damari alikata uzi kwa meno. "Ni kweli," alisema bila kuinua macho. "Mtu huzoea."

Siku ya mchezo watu walijaa mpaka madirishani. Lea alikuwa juu ya jukwaa, kichwa ndani ya chungu, Asukile akimwita punda, pale Philbert, mlinzi wa ukumbi, alipopaza sauti mlangoni:

"Mwalimu! Baba yako huyu hapa! Ameshuka kwenye basi la Mbeya sasa hivi!"

Mzee mmoja mwenye koti refu akaingia, fimbo mkononi, akitabasamu kwa fahari.

Lea hakungoja. Alijitupia kanga usoni, akakimbilia nyuma ya pazia.

"Si huko!" Asukile alipiga kelele, sauti imempasuka. "Lea! Rudi! Si huko, mjinga wee!"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Watu walishikana mabega, wakafuta machozi. Kwa mara ya kwanza Mwalimu Asukile alikuwa amewachekesha kweli.

Nyuma ya pazia palikuwa na giza. Lea alijibanza kwenye kona, mkono wake ukagusa bega la mtu. Damari alikuwa amechuchumaa pale, kanga imemfunika kichwa na uso wote.

"Sogea huku, mdogo wangu," Damari alinong'ona. "Mzee asituone."