Randa Kauliza Tena

Randa alikuwa ameuliza tena mahali pasipo pake. Safari hii swali lake la figo lilidondoka katikati ya kundi la Jiografia, kwenye mada ya mito na mabonde, na wanafunzi wakaanza kumcheka.

Msimamizi wa jukwaa lile la masomo alisonya, akalifuta. Alikuwa mwalimu wa Biolojia ambaye shule yake ilifungwa, na tangu hapo meza ya chumbani ndiyo ikawa darasa lake: kompyuta kuukuu, kitabu cha kiada kilichovunjika mgongo, na makundi ya masomo aliyoyapanga kama mtu anavyopanga kabati la vyombo. Hisabati huku, Kemia kule, kila kundi na mada zake, na ole wake atakayechanganya. Watoto wa jukwaani walimbandika jina la Bi Hamisha kwa jinsi alivyokuwa akihamisha maswali yao. Badala ya kununa, alilichukua likawa ndilo jina lake la kuingilia.

Na huyu Randa, lo! Jina na tabia vilishikana. Kazi yake ilikuwa kurandaranda tu, leo Kemia, kesho Fizikia, na kila alipotua aliacha swali lilelile, limeandikwa hovyohovyo, halina nukta wala mkato. Kuna mtu figo zake zimesinyaa, kuna mtu anataka kujua. Bi Hamisha alishamwandikia kwamba jukwaani hapaulizwi habari za watu, panaulizwa somo. Mwenye mgonjwa aende hospitali. Mwenye mtihani atafute kundi la Biolojia, afungue mada ya figo, aulize kama mwanafunzi.

Kusema kweli, hasira zile hazikuwa za Randa. Mumewe alikuwa amepimwa, na majibu yalikuwa hayajatoka. Kila alipomuuliza, mume alimwambia bado. Mara mashine ya kupimia imeharibika, mara daktari kasafiri. Mume mwenyewe alishinda kwenye karakana yake ya useremala nyuma ya nyumba, akilainisha mbao za kitanda cha watu, miguuni amevaa ndala kwa sababu viatu vyote vilikuwa vinambana siku hizi. Alisema ni kusimama sana. Mkewe aliitazama ile miguu iliyovimba, na ualimu wake wote ukamwambia ni nini, na yeye akakataa kuusikiliza. Alimwambia mumewe kwamba amenawiri, kwamba ni uchovu tu, atapona. Kisha akaenda jikoni, akafungulia bomba ili asisikike akilia.

"Wageni wa huko mtandaoni unawaambia kweli," mumewe alimtania siku moja. "Mimi unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Alimjibu kwamba wageni hawamkoromei usiku kucha, na wote wawili wakacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kifupi.

Alasiri moja, Randa akatokea mahali panapostahili. Kundi la Biolojia, mada ya figo, na swali limenyooka, halina mtu yeyote ndani yake: figo zote mbili zikishasinyaa, zinaweza kurudi katika hali yake?

Bi Hamisha alifurahi, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nyingi. Alimpongeza, akaandika moja kwa moja kama anavyotaka msahihishaji. Hapana, hazirudi. Mwenye nazo huishi kwa mashine ya kusafisha damu, au kwa figo ya kupewa na mtu mwingine.

Randa akauliza je, asiyeweza kupata mashine wala figo?

Hapo vidole vilisita. Hospitali ya mji wao haikuwa na mashine hiyo, na ya mbali iliyokuwa nayo ilikuwa na foleni ya watu waliokata tamaa. Wazo baya likamjia, akalifukuza. Swali la mtihani ni swali la mtihani, na mtoto wa watu hawezi kuandika kwenye karatasi kwamba mgonjwa amenawiri. Akaandika kwamba huyo hana muda mrefu, kwamba hakuna dawa itakayobadilisha hilo, na kwamba anayemwambia vinginevyo anamdanganya.

Randa alishukuru. Aliandika kwamba sasa ameelewa, na kwamba mwalimu huyu anafundisha vizuri sana.

Bi Hamisha akaifunga mada, kama ilivyo kawaida, ili wasije wengine wakaivuruga. Alipoinuka kwenye kiti ndipo alipogundua kwamba nyumba imekuwa kimya. Sauti ya mbao kule nyuma ilikuwa imekoma, na hakujua ni tangu saa ngapi. Akamimina chai, akampelekea mumewe.

Alimkuta amekaa juu ya meza ya kazi, miguu inaning'inia, simu mkononi. Kitanda cha watu kilikuwa vilevile kama jana.

"Majibu yametoka, mama watoto," alisema.

Chai ilimwagika kwenye kisahani. Alimuuliza yametoka lini, na nani aliyempa, kwani daktari si alikuwa amesafiri?

Mumewe aliichukua randa yake ya kulainishia mbao iliyokuwa kando yake, akaisogeza taratibu ili kikombe kipate mahali pa kukaa. Kisha akamgeuzia simu.

Bi Hamisha, iliandikwa pale. Swali limejibiwa. Mada imefungwa.