Kitabu Alichopewa Mama Mkwe

Fundi saa alikuwa ameinamia saa ya ukutani, kibano mkononi, mama mkwe wake alipoingia dukani na kuweka kitabu mezani. Wiki mbili nzima fundi alikuwa akijilaumu kwa kumpa kitabu hicho. Mama huyu ndiye aliyeongoza maombi ya wanawake mtaani, naye fundi alikuwa amempa riwaya ya mtawa anayesafiri kati ya nyota akimtafuta Mungu, na kila sayari anayofika anaambiwa Mungu ameondoka jana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekimaliza."

Fundi aliweka kibano chini. Katikati ya kurasa palichomekwa pini ya nywele.

"Kama kimekukwaza, mama, unisamehe. Mimi kilinigusa tu, nikaona..."

"Hebu ngoja kwanza." Alikifungua penye pini. "Hapa mtawa anamwuliza Mungu kwa nini amenyamaza. Nilipofika hapa nilikifunga, nikasema mkwe wangu ameshapotea. Halafu nikakumbuka: siku tuliyomzika baba yenu, nami niliuliza maneno haya haya. Nimeyaficha miaka sita, nikidhani nimekufuru peke yangu."

Akacheka mpaka machozi yakamlengalenga. Fundi naye akacheka, kwanza kwa woga, kisha kwa raha ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Mama mkwe akavuta kiti cha wateja, akakaa, akapachika miwani yake vizuri puani.

"Haya, baba. Wewe ulimwuliza Mungu nini?"