Kishimo cha Shavu la Kushoto

"Ongeza kasi, Makori," Jagdish alisema kutoka mlangoni mwa chumba cha mashine. "Watu ya kanisa nangoja kadi."

Makori hakugeuka. "Nikiongeza kasi sasa, uso wake utatoka moshi mtupu."

Siku nyingine tajiri yake angefoka mpaka soko zima la Kisii lisikie. Leo alisogea kando, akasubiri. Hata redio alikuwa ameizima tangu asubuhi.

Kwenye karatasi ya majaribio, Bonareri alitoka mweusi tititi, kama aliyepakwa masizi. Makori akapunguza wino. Safari ya pili macho yalitoka, na meno pia, lakini kishimo cha shavu la kushoto hakikuonekana. Makori alikijua kishimo kile kwa ncha ya kidole, na kadi isiyo nacho hangeitoa. Akachana kipande cha karatasi nyembamba, akakibandika nyuma, pale penye shavu, ili mashine ibane zaidi.

Bloku ya picha, kile kibao cha chuma chenye uso wa Bonareri, ilikuwa mali ya Makori mwenyewe. Aliiagiza Nairobi mwaka 1969 kwa ajili ya kadi nyingine, yenye majina mawili. Wakati huo Bonareri alikuwa akikaa naye kwao Marani, na kilichobaki kilikuwa mahari tu. Lakini babake, Mzee Ratemo, Msabato wa Nyanchwa, aliwafukuza ng'ombe wa mahari hadi barabarani. "Wapeleke kwa padri wako!" alimwambia Makori, kisha akamshika binti yake mkono, akarudi naye nyumbani. Kadi ile haikuchapwa.

Sasa Mzee huyo huyo ndiye aliyeleta maneno ya kadi hii: "Bonareri, binti Ratemo." Jina la Makori halikuwamo. Alizipanga herufi zile moja moja. Ndugu za Makori walikuwa wametoka na ng'ombe alfajiri kujaribu kutoa mahari mara ya mwisho. Mzee akikataa tena, basi, Bonareri hangekuwa wake kamwe.

Akajaribu tena. Kishimo kikatokea. Makori akalia pale pale, bila kumwonea mtu aibu.

Mlango ukasukumwa. Mzee Ratemo aliingia, kofia mkononi.

"Ng'ombe wako wamo bomani mwangu."

Makori alisimamisha mashine. "Umewapokea, Mzee?"

"Nimewapokea. Nilikosea, na nimechelewa kurekebisha." Mzee alitazama sakafu. "Kwa mila zetu msichana mkubwa hana mahali kwangu. Mchukue, awe kwenu. Na hayo maandishi yabadilishe, mwanangu."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo. Makori aling'oa herufi, akapanga nyingine. Picha ilikuwa imekaa sawa sasa, wino umetulia, kwa hiyo akapandisha kasi yote. Kadi zikaanza kudondoka moja baada ya nyingine, na katika kila moja Bonareri alikuwa akicheka na kishimo chake.

Jagdish aliokota ya kwanza, akaisoma, kisha akampa Mzee kwa mikono miwili.

"Bonareri, mke wa Makori. Atazikwa Jumapili, nyumbani kwa mumewe, Marani."