Uboho wa Kitanda cha Nne

"Bado unahangaika na huyo huyo?" mkuu wa wodi ya mahututi aliuliza, amesimama mlangoni mwa maabara.

Daktari hakuinua kichwa. Jicho lake lilikuwa limeganda kwenye hadubini. "Dakika tano tu, mkubwa."

"Dakika tano zako nazijua. Tumeshaandika kwenye faili: sumu ya vijidudu kwenye damu. Dawa zote kali tulimpa. Wagonjwa ni wengi, daktari."

Akaenda zake.

Daktari akalivuta faili. Binti wa miaka saba, kitanda cha nne. Homa siku kumi na mbili bila kushuka. Wengu uliovimba hadi kitovuni. Damu iliyopungua kila ilipopimwa, seli nyeupe na nyekundu kwa pamoja. Vijidudu vilitafutwa mara nne, mara zote nne hakikuonekana kitu. Kisha ferritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini: elfu arobaini na moja, kwa mtoto ambaye hakutakiwa kufika hata mia mbili.

"Mashine imekosea," walisema wote siku ile. Hata yeye alisema hivyo. Jambo hilo ndilo lililomnyima raha.

Fundi wa maabara akamsogezea kioo kimoja cha sampuli, amekishika kwa ncha za vidole. "Uboho wa mifupa yake uliobaki ndio huu. Ukiuangusha, mimi na wewe tunatafuta kazi nyingine."

Daktari akakisogeza kioo taratibu. Mara mkono ukasimama. Kati ya madoa ya zambarau palikuwa na seli moja kubwa ya ulinzi, imetuna kama mtu aliyevimbiwa. Ndani yake mlikuwa na seli nyekundu tatu, nzima nzima.

"Njoo utazame. Niambie unaona nini, nisije nikajidanganya."

Fundi akainama, akarekebisha lenzi.

"Inawameza wenzake," akasema.

"Kinga ya mwili imepandwa na wazimu. Ilikosa adui, ikamgeukia mwenye mwili."

"Dawa ipo?"

"Ipo, ya kuituliza. Lakini lazima ianze mapema."

Akabonyeza namba ya mama wa yule binti. Simu ilipokelewa haraka.

"Mama, ni mimi, daktari wa binti yako. Tumeujua ugonjwa wenyewe. Wakati mwingine unatembea ndani ya familia, kwa hiyo nataka kujua: yule mdogo wake hajambo?"

Kwa mbali mtoto alikuwa analia kwa sauti iliyokauka.

"Anachemka tangu juzi," mama akasema. "Nilidhani ni majonzi tu, daktari. Tangu tumzike dada yake hajala vizuri."