Mtoto Karanga

Kwenye baridi ya Makete siku hizo, ukuta wa nyumba ulimpa joto yule tu aliyeandikishwa jina. Atuganile aliingia kutoka chuoni akihema.

"Mama, nimemwandikisha!"

"Nani tena?"

"Karanga!" Akakibeba kijibwa chake, kilichokuwa kinatetemeka ndani ya soksi ya baba. "Nimejaza kwamba ni mtoto mchanga. Karanga Tweve, kilo tatu."

"We mtoto una wazimu."

Hapohapo ukuta wa pale kijibwa kinapolala ukaanza kupata moto. Atuganile akamlaza hapo; Karanga akajinyoosha, akakoroma kama mzee. Mama akacheka mpaka machozi. "Haya, mjukuu wangu huyo, na masikio yake!"

Wiki nzima Karanga hakutetemeka hata kidogo, na Atuganile akatamba chuo kizima.

Jumatatu ukuta ukaongea, kwa upole kabisa. "Mtoto Karanga halii. Huenda anaumwa; nesi anakuja kumchukua."

"Futa jina," mama akanong'ona.

"Afe na baridi? Thubutu!"

Atuganile akaegemea ukuta, akabana pua, akalia kama kichanga, tena kwa madaha. Ukuta ukamsikiliza mpaka akamaliza.

"Vizuri," ukasema. "Mwezi ujao tunasubiri aseme mama."