Mtihani wa Chumbani

"Zungusha kamera tuone chumba chote," msimamizi aliamuru kwa Kiingereza kutoka kwenye laptop.

Msichana akaishika laptop kwa mikono miwili, akaizungusha. Akaonyesha mlango, pazia, jiko la gesi na ndoo za maji. Kitanda alikipitisha haraka. Shuka lilikuwa limeshuka mpaka sakafuni, na nyuma yake, chini ya kitanda, alikuwa amelala dada yake, amebana pumzi.

Sheria haikuwa na huruma: akionekana mtu wa pili chumbani, mtihani unafutwa na chuo kikuu kule Kanada kinaambiwa. Bila kufaulu Kiingereza, hakuna nafasi ya kusomea unesi.

Walikuwa wamepanga jambo hili kwa wiki mbili, hawa dada wawili ambao wapangaji wa ploti bado huwachanganya. Bridgit, mkubwa, anafundisha Kiingereza katika shule ya kulipia kule Elgon View. Perez, mdogo, alisoma shule ya kutwa huko Soy, ambako hata somo la Kiingereza lilifundishwa kwa Kiswahili. Tangu barua ya chuo ije, hofu ilikuwa imemnyima usingizi. Chumba hiki cha kupanga hapa Kesses kilikuwa chake.

"Pasipoti?"

Akaiinua karibu na uso. Msimamizi akaitazama picha, akamtazama yeye, akairudia picha. Moyo ulimdunda hadi akaogopa utasikika Kanada.

"Sawa, Perez. Nieleze kuhusu kwenu."

Akaeleza. Maneno yalikuja bila kusukumwa, na uoga ukaanza kupungua.

Mara mlango ukagongwa.

"Perez! Uko? Nipee ile sufuria kubwa!"

Alikuwa Chepkoech wa chumba cha pili, ambaye hodi yake ni kufungua mlango. Kitasa kikacheza. Komeo likashika, asante Mungu. Lakini chini ya kitanda mtu akashtuka, na kichwa kikagonga chuma.

Msimamizi akaisogelea kamera. "Uko na mtu humo?"

"Ni jirani, yuko nje," alijibu, kijasho chembamba kikimshuka mgongoni. "Humu niko peke yangu."

Msimamizi akaandika kitu. Aliandika kwa muda mrefu, na msichana akajua wamekwisha.

"Swali la mwisho. Kwa nini unataka kuwa nesi?"

Akafungua mdomo, kisha akaufunga. Hilo hawakuwa wamelipanga. Mwishowe akasema kwamba anapenda kusaidia watu, basi.

"Asante. Subiri matokeo baada ya siku mbili."

Kioo kikawa cheusi. Shuka likainuka na Perez akatambaa kutoka chini ya kitanda, nywele zimejaa vumbi, machozi yakimtoka.

"Bridgit," alisema, "nimesikiliza yote vile uliniambia. Hayo maswali yote hata mimi ningejibu. Na hilo la nesi, mbona ulinyamaza? Hilo ndilo nilikuwa najua kuliko yote."